Debe la Kununulia

Leo uji umezua kesi darasa la kwanza.
Masunga anasema kikombe cha Ng'washi kimejaa hadi mdomoni,
chake yeye kimeishia kwenye ua jekundu
lililochorwa ubavuni.
Niliyegawa ni mimi. Upawa bado ninao mkononi.

Kitabu cha mwalimu, ukurasa wa haki,
kina sungura na fisi na chungwa moja.
Nimekifunga.
Kaeni, nikawaambia. Hii ni ya kweli.
"Ya kweli kweli, mwalimu?"
Ya kweli. Ilitokea hapa hapa Igombe,
kule chini mwaloni, kabla banda la barafu halijajengwa.

Mama yangu alikuwa na madebe mawili,
yote ya mafuta, yote yamechujuka rangi;
ukiyaweka sambamba utasema mapacha.
Moja la kununulia:
kitako chake kiligongwa kwa jiwe kutoka ndani,
usiku, polepole,
mpaka kikatokeza kama kitambi cha bwana ushuru.
La pili la kuuzia:
hilo liligongwa kutoka nje, tumbo likabonyea,
kama la mtu aliyelala njaa.
Mchangani hukuweza kuyatofautisha.
Juu ya jabali lile la kitambi lingeyumba,
ndiyo maana mama hakununua kamwe juu ya jabali,
na Mwanza yote hii ilivyojaa majabali.

Alfajiri za giza la mwezi,
mitumbwi inarudi, karabai zimeshazimwa,
mama ananyoosha mkono bila kugeuka:
"Debe."
Nami nilijua lipi.
Nilikuwa darasa la kwanza, kama ninyi,
kusoma bado nakwama kwenye "ng'ombe",
lakini hilo nilijua.

Mama yake Minza alinunua kwetu dagaa wa kuanika,
akiweka kijiti kimoja kwa kila debe.
Mwisho wa mwezi vijiti vilisema faida,
fundo la kanga likasema hasara.
Akaona kosa ni lake, hesabu hazijui.
Akamtoa Minza shule amsaidie kuhesabu.
Minza, aliyekuwa akinionyesha majibu chini ya dawati.

Hapo nikanyamaza.
Korongo akatua juu ya bati, kucha zikakwaruza,
na hakuna aliyecheka.

"Halafu ukasema?" Ng'washi akauliza.
Sikusema.
"Halafu mama yako akakamatwa?"
Hakukamatwa. Alizeeka vizuri.
Madebe yale ndiyo yaliyonisomesha
hadi nikawa mwalimu wenu.
"Na Minza?"
Minza yupo. Mnamwamkia kila siku njia panda,
anauza vitumbua, vitatu mia tano,
na ukivipanga hutakiona kikubwa.

Niliona wanangoja.
Wamezoea fisi atumbukie shimoni.
Nilipekua kumbukumbu zangu zote nikitafuta shimo
niwape, waende nyumbani wametulia.
Sikupata.

Masunga, mwenye uji wake ulioishia kwenye ua,
akanyoosha kidole:
"Kwani ulikuwa unaogopa kupigwa?"
Ningeweza kusema ndiyo.
Walikuwa wameshanisamehe, nyuso zao zilionyesha.
Nikasema: Hapana. Nilikuwa nashiba.

Kengele ikalia.

Asubuhi ya leo nimewakuta foleni,
kila mmoja amefudikiza kikombe chake,
anapapasa kitako kwa kidole gumba,
anambadilishia jirani, naye apapase.
Sijawafundisha hivyo.
Sufuria inatoa moshi, nainama nianze kugawa,
na Ng'washi ananyoosha mkono,
mdogo, umepauka kwa vumbi la chaki:
"Mwalimu, na upawa."

Nikampa.
Akaugeuza. Akaugonga kwa kucha.
Akauweka sikioni, akasikiliza.