Bahasha ya Mia na Kumi na Nne

Tukuyu, saa moja asubuhi. Ukungu umeshuka
mpaka kwenye ngazi za zahanati,
migomba inadondosha maji
kama bomba lililosahauliwa.

Gwantwa ameweka kikapu chake chini.
Fomu ya ridhaa iko mezani, kurasa sita.
Nimemsomea zote. Nimerudia
ile sehemu ya kura.
"Kwa hiyo daktari hajui nitapewa dawa ipi?"
Hajui.
"Na wewe?"
Sijui.
"Basi nani anajua?"
Iko orodha, nikamwambia, imefungiwa kabatini Mbeya mjini,
na mwenye ufunguo hajawahi kukuona.
Akacheka, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge.
"Afadhali huyo. Hana shemeji huku."

Mimi ninaye.
Juzi aliingia Tupokigwe, mke wa marehemu kaka yangu,
presha mia na tisini kwa mia na kumi,
miguu imejaa kama unga uliokandwa.
Bahasha yake ilikuwa mkononi mwangu,
dirisha wazi, na jua, kwa ubaya wake,
siku hiyo lilikuwa limetoka.
Ni kuinua mkono tu.
Nikauinua.
Ndani wameweka karatasi ya fedha, kama ya pakiti ya sigara.
Waliobuni utafiti huu
walinijua kabla hawajaniona.

Nikachana. Chupa namba sabini na moja.
Vidonge vyeupe. Vyote ni vyeupe.

Mzee Ambakisye wa Isongole hakumeza hata kimoja.
Alishuka Usangu kwenye mavuno ya mpunga,
chupa akaiacha ikining'inia juu ya mafiga.
Nilimfuata kwa pikipiki, matope hadi magotini,
nikahesabu mbele yake: sitini, nyeusi kwa masizi.
"Basi nifuteni," akasema.
Hatufuti, mzee. Kura ilipokuweka
ndipo utakapohesabiwa,
umemeza, hukumeza.
Akachochea moto, akafikiri.
"Kama ukoo," akasema.

Gwantwa anabonyeza dole gumba kwenye wino wa zambarau,
analitazama kama si lake.
"Mtatuambia lini ipi ilishinda?"
Miaka mitatu.
"Nikiwa nimekufa?"
Mkono wangu uko kwenye bahasha. Naandika saa.
Tutamwambia mwanao.
"Mwambieni vizuri," anasema. "Yule ni mbishi."

Ameacha maparachichi mawili mezani.
Nimepekua mwongozo wote.
Hayamo.