Makafi ya Mto Mkavu

Mara ya kwanza mto ulitumeza.
Si kwa maji. Omanimani wa mwezi wa pili
ni mchanga mtupu, laini kama ugoro,
na bagi letu la viti viwili likazama hadi tumboni
huku kisanduku cha barafu kikihesabu saa kwa matone.
Ng'ambo, mbuzi mia tatu wa Nakut
walikuwa wakikohoa, wakiingoja chanjo.
Tuliifikisha kwa miguu.
Ilikuwa imeshakuwa maji ya vuguvugu.

Ndipo nikapanda basi la usiku, Moroto hadi Kampala,
hadi Kisekka, kwa Nalwoga muuza tairi,
kalamu sikioni, asiyeuza kabla ya kuuliza.
"Injini yako ina nguvu gani?"
Nikaitaja, nikaongeza kidogo.
"Sema kweli. Mchanga haudanganyiki."
Nikapunguza.

Akashusha tairi mbili kutoka juu ya rundo.
Moja ina makafi kumi na mawili, marefu,
yamepinda kama viganja vya mtu anayechota unga.
Nyingine manane, mafupi, ya unyenyekevu.
Jicho langu, mnajua lilikokwenda.
Nani aone kumi na mawili achague manane?
"Haya yanachota sana," akasema,
"na kila kafi ni mzigo. Injini ndogo itachota, itachota,
kisha utanusa belti ikiungua katikati ya mto."
Za mbele akanionyesha laini, zenye mgongo mmoja katikati,
kwa ajili ya usukani:
"Nyuma husukuma. Mbele husikiliza."
Hiyo niliiandika kiganjani.

"Na kabla ya mchanga, kuna nini?"

Kabla ya mchanga?
Kilomita thelathini na moja za changarawe
na mawe yenye meno.
Mchanga wenyewe, mita mia mbili.
Akacheka hadi kalamu ikaanguka.
"Basi unanunua viatu vya harusi uende navyo kulima."

Za mbele nikaziacha. Nyuma nikachukua yale manane.
Bei ilikuwa mbuzi kumi na mmoja,
kwa hesabu ya Lotukei, ambaye hahesabu kitu kwa shilingi.
Tunayafunga juu ya paa kama magodoro ya mgeni,
tunayavaa ukingoni, tunayavua ng'ambo.
Nati nne huku, nne kule,
jeki juu ya kipande cha ubao isizame,
na tairi zetu za zamani, mbele, tunazitoa upepo
mpaka zinyong'onyee.
Lotukei hushika spana kama anavyoshika fimbo,
kwa vidole viwili, bila pupa,
na kila siku humaliza kabla yangu.

Tulivuka. Mara ya pili, ya tatu, ya tano.
Mchanga uliruka nyuma yetu kama pumba za ungo,
na nyuma yetu tuliacha njia ya mbavu, mbavu, mbavu,
watoto wakizirukia moja moja.

Leo tumefika saa nne asubuhi. Mbingu safi.
Niko kwenye nati ya tatu
Lotukei anaponyoosha kidevu kuelekea mlimani.
Kule kulinyesha usiku.
Kwanza sauti, kama lori lililokosa breki;
kisha povu, vijiti, kandambili moja ya buluu;
kisha mto mwenyewe, rangi ya chai ya maziwa,
ukarudi kitandani mwake bila kubisha hodi.

Lotukei anatoa ekicholong chake, anakaa.
Mimi naikalia tairi.
Makafi manane chini ya makalio yangu,
na mbele yetu, hatimaye, maji.
Ng'ambo Nakut anapunga mkono, au anauliza;
kwa umbali huu ni mamoja.
"Mpigie yule mama," Lotukei anasema, bila kucheka,
"muulize kama anauza na mtumbwi."

Barafu ina saa sita, labda saba.
Natamani kufungua kisanduku niitazame.
Sifungui.