Kopo la Tano

Kitangari, Julai. Makopo matano ya maziwa ya unga
dirishani mwa darasa lisilo vioo,
mahindi ndani ya mchanga uliooshwa mara saba.
Maji tuliyakinga Machi, ya bati;
ya bomba, alisema mwalimu Nampota,
yana chumvi zake, yatatudanganya.

La kwanza tulilipa kila kitu.
La pili tulilinyima naitrojeni: likapauka
kama daftari la mwaka juzi.
La tatu, bila fosforasi, likavaa zambarau
ya mtu aliyevilia damu.
La nne, bila potasiamu,
kingo za majani zikaungua pasipo moto.
La tano tulilinyima salfa.
La tano likakataa kuugua.

Siku ya ishirini, kijani.
Siku ya thelathini, kijani tu.
Chilumba alipima kwa rula, akaandika, akafuta.
"Nani analionea huruma kopo hili?"

Kimya. Kisha Somoe,
aliyetoka shambani alfajiri
kumshikia baba yake mashine ya kupulizia mikorosho,
akapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha,
akakiinua.
Njano.
Njano kwenye kola yake, kwenye nyusi,
juu ya ubao, juu ya hesabu zetu zote.
Upepo wa mikorosho haujui hodi.

Mwalimu aliketi kwenye dawati la nyuma,
akacheka mpaka akakohoa.
"Andikeni mlichokiona."

Tukaandika. Na pale penye Sababu za Kosa
Somoe aliandika jina la baba yake,
kwa herufi kubwa,
akalipigia mstari.