Hajui Kuandika

Mwanzo niliamini karatasi ni dirisha:
ukilipangusa vumbi utawaona watu.
Sasa nina mvi na miwani ya pili,
na najua karatasi ni mlango wa Lamu,
nakshi zi nje, komeo li ndani.

Mezani pangu, Langoni, juu ya duka la cherehani,
ipo nakala ya kesi kutoka milima ya Peru,
mwaka elfu moja mia tano themanini na tatu.
Mdai: Ines Chumbi, mjane, Mhindi.
(Si Mhindi wa dukani. Wahispania walipotea njia,
wakawabandika wenyeji jina la watu wengine,
na jina likaganda.)
Mdaiwa: bwana aliyegawiwa kijiji kizima
kama mtu anavyopakuliwa sahani ya pilau.
Shauri: mahindi.

Mjane alisema Kikechua.
Mkalimani akameza, akatema Kihispania.
Karani akaandika, "Nimemsikia akisema,"
naye hakusikia hata neno.
Mikono mitatu imelishika neno lake.
Wangu ni wa nne,
nao pia haujanawa.

Ukurasa wa tisa:
"Mwanamke hajui kuandika. Ana kamba mkononi, anazichezea."
Basi. Karani akarudi kwa mashahidi wanaume.

Miaka sita niliuruka mstari ule.
Nilihesabu kodi, nilihesabu waliokufa kwa ndui,
nikachora majedwali.
Profesa aliyasifu sana majedwali.

Kisha mama akafariki, tukafungua sanduku lake.
Chini ya kanga za harusi, hukumu ya korti,
mwaka ishirini na saba, shamba la Mokowe:
"Mwanamkuu binti Shekuwe,
hajui kusoma wala kuandika, ametia dole gumba."
Nyanya yangu. Dole lake jeusi
kama kokwa ya ukwaju iliyokanyagwa.

Na chini ya hukumu, daftari.
Hati yake, herufi za Kiarabu, maneno ya Kiamu,
mistari imenyooka kama ushono wa kofia:
nani kazaliwa usiku gani, dawa ya chango,
beti mbili za kumsuta mke mwenza,
nani kakopa nini.

Nilikaa kitako sakafuni.
Mwenye hati kuliko hakimu
aliambiwa lete kidole,
akakileta.
Kwa nini? Adabu? Uchovu?
Au alijua kwamba asiyejua kuandika
haulizwi alichokiandika?
Sijui. Neno hili, sijui,
nimelisomea miaka mingi na kwa gharama kubwa.

Usiku ule nilirudi ukurasa wa tisa.
Kamba!
Kila fundo gunia, kila rangi mwaka,
vidole vikipita juu yake kama vipitavyo kwenye tasbihi.
Hakuwa akichezea, alikuwa akisoma.
Alileta mahakamani daftari zima la dhuluma,
na karani akaona uzi.

Huenda. Sina kamba zenyewe.
Zilioza, au zilifungia mbuzi.
Nina mstari mmoja wa mtu aliyemdharau,
na dharau yake ndiyo iliyomhifadhi.
Tangu hapo, kila nikikuta "hajui,"
naandika pembeni kwa penseli: nani?

Zeituni, binti yangu, huniuliza,
"Mama, hao wa Peru wakuhusu nini?
Wamekufa hata hawajasikia kuna Lamu."
Sikuwa na jibu. Chini punda wa mchanga
alikuwa ameziba njia, watu wanapigizana kelele.
Yeye, aliyepita chuoni kwa bakora na machozi,
alilichukua daftari la nyanya,
akafunua ukurasa wa mwisho,
akasoma polepole, kidole chini ya herufi:

"Karani wa korti. Nazi ishirini.
Hayalipa."