Kiini

Zdravka. Kwao jina hilo limezaliwa na afya,
naye hulitaja mapokezi ya hospitali
kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani.

Wanasema macho hayana pazia.
Yake yalishushiwa: la kushoto mwezi Machi,
la kulia kabla cheri hazijaiva.
Si pazia zima. Kiraka tu,
palepale anapotaka kutazama.

Mimi ni fundi fremu. Karakana yangu iko Plovdiv,
chini ya ngazi za mawe zinazoteleza mvua ikinyesha.
Miaka kumi na tisa nampimia mbao,
sijamuuliza hata siku moja picha zake zina maana gani.
Ila ile ya Oktoba niliifungua, nikakaa.

Dada yake Nevena, jikoni.
Pilipili nyekundu zimetungwa uzini nyuma yake.
Hereni. Ukosi wa sweta. Nywele zilizotoroka kibanio.
Na pale pa uso, hapana uso.
Wala si weusi, watu hudhani ni weusi:
ni rangi ya maji yaliyooshewa brashi,
na mistari ya vigae ukutani ikifika hapo
inapinda, kama watu wanaokwepa dimbwi.

Kwenye maonyesho bwana mmoja wa Sofia
akaandika: kiinimacho, uso uliokataliwa na karne.
Nikamsomea Zdravka. Alicheka mpaka akapaliwa.
"Mwambie sijakataa kitu. Nimenakili.
Si kiinimacho, ni kiini cha jicho, kimechakaa.
Maisha yangu yote sijawahi kuchora kwa ukweli hivi."

(Alichora na sindano, ile ya kila mwezi,
kama ionekanavyo kutoka ndani:
kwanza kivuli cha ufito,
halafu mapovu meusi yanayozama,
ambayo daktari huapa kuwa yanapanda.)

Nevena alikuja dukani peke yake, mkoba kifuani.
"Miaka sabini na mmoja nimeubeba uso huu," akasema.
"Umepigwa, umebusiwa, umezika mume.
Leo mdogo wangu anasema haupo."
Sikuwa na jibu. Nilimpa kiti,
nikamchemshia chai ya majani ya mlimani,
akainywa bila kuigusa asali.

Sijui walisemezana nini baadaye.
Najua tu kwamba siku sita Zdravka alikaa na brashi
akilitazama dirisha, dirisha tu,
na dada kamweka kando
aingie mwenyewe kwa pembe ya jicho,
kama paka asiyeitwa.

Picha ikaja mbichi bado, inanuka tapentaini.
Katikati dirisha lenye tundu, anga imeliwa.
Na ukingoni kabisa, kushoto, umebanwa,
uso wa Nevena: mikunjo yote, kovu la kidevuni,
jicho moja bado limekasirika.

Fremu yoyote hula kidogo kila upande,
nusu sentimita, hakuna anayeigombea.
Nilipima mara tatu. Nusu hiyo ilikuwa shavu.

Basi nikaitengeneza ya pande tatu.
Wateja huniuliza kama niliishiwa mbao.