Akidi Ilitimia

Zama za mwenye nyumba hatukuwa tukiulizwa.
Maji akifunga yeye, kodi akipandisha yeye,
hata rangi ya ngazi aliichagua mkewe, naye akikaa Nyali.
Kwa hiyo tuliponunua fleti zetu, hapa Ganjoni,
tuliapa: kuanzia leo ni mikono.

Na mikono ni kitu kizuri, usinielewe vibaya.
Nani mwingine aamue? Mwenye sauti nene?
Mwenye jenereta?

Jumamosi baada ya alasiri tukapanda darini.
Kuna upepo huko, na Mishi alileta viazi karai.
Ajenda ya tatu: ule mteremko wa zege mlangoni,
unakula nafasi ya pikipiki tatu.
Uvunjwe, usivunjwe?
Mimi ndiye katibu. Nilihesabu mara mbili.
Kumi na tisa, uvunjwe. Wawili kimya.
Wa kupinga: hakuna.
"Wengi wape," akasema Chengo, tukacheka,
sahani ya viazi ikapita tena.

Hakuna. Neno hilo nililiandika kwa mwandiko mzuri.

Usiku nikashuka na daftari, vidato sitini na vinne,
nikabisha namba mbili.
Bi Mwanakheri Shee alifungua akiwa kitini,
kile cha magurudumu, tairi moja limezungushiwa utepe mweusi.
Akavaa miwani. Akasoma yote, mpaka sahihi yangu.
Nikangoja anitukane.

"Hesabu yako haina kasoro," akasema.
"Na pikipiki nazo zataka pa kulala.
Lakini mwanangu, huko darini ningepandaje?"

Friji yake ndiyo iliyonguruma.

"Mkutano ujao uwe hapa chini, ukumbini.
Njooni na mikono yenu yote kumi na tisa.
Mtanishinda, kuhesabu najua.
Ila nataka nishindwe nikiwepo."

Wengi wape. Mimi bado nasema wape.
Bei ya maji, wape. Rangi ya ngazi, wape,
hata wakichagua ile ya kijani inayoniudhi.
Lakini mlango wa mtu?

Sijui. Jumatatu fundi alikuja na nyundo.
Nikamwambia ajenda imerudishwa kikaoni,
jambo ambalo katibu hana mamlaka nalo
na ambalo halikupigiwa kura.