Ukakasi

Mvinyo huu ulikuja kwa basi kutoka Dodoma,
chupa kumi na mbili zimefungwa katika mitumba,
rangi yake asali iliyozeeka,
mtamu hata nzi akitua mdomoni mwa chupa
husahau shughuli iliyomleta.

Hapa Shangani hakuna aliyeutaka.
Ildefonsi, mpimaji wa ghala la korosho,
alionja funda moja, akakunja uso: Perpetua,
hii dawa ya kikohozi, nipe bia.
Mwalimu Nambunga akauliza kama padri anajua
kwamba divai yake imehamia baa.
Nikacheka. Nikafuta kaunta.
Nikazirudisha juu ya rafu, karibu na redio,
zikakaa zikinitazama toka Mei hadi Oktoba.

Sijasema zilikuwa za nani.
Zilikuwa zangu.
Ukumbi umelipiwa nusu, sare zimeshonwa,
kisha mtu akapiga simu kutoka Nachingwea,
akaongea dakika nne, salio likamwishia
kabla hajafika kwenye sababu.
Bosi akasema, ziuze hapahapa,
walau nauli yake itarudi.

Oktoba mabibo yakaiva.
Mama akashuka kutoka Newala na ndoo yake,
mekundu, ya njano, yamechubuka njiani,
harufu ikaingia baa bila hodi.
Mama, aliyetusomesha watano kwa uraka,
aliomba glasi ya ule mvinyo, akaunusa,
akaugusa kwa ncha ya ulimi,
akaniangalia kama nimesahau chumvi kwenye mboga.
"Mtamu," alisema. "Lakini hauna wa kugombana naye."

Usiku huo, viti vikiwa juu ya meza, nilianza.
Nilikamua mabibo kwa kitambaa.
Mnayajua maji yake: yanashika koo,
yanakausha ulimi ukawa karatasi,
yakidondokea kanga, doa na kanga vitazikwa pamoja.
Bibo kiasi, mvinyo kiasi:
mvinyo ukafunika kila kitu. Nikamwaga.
Bibo mara mbili: koo likafunga mlango. Nikamwaga.
Ndimu, basi. Tangawizi iliyopondwa na maganda yake.
Chumvi chembe tatu, nilizihesabu.
Barafu, siyo ya feri,
ya feri haijasahau samaki,
hii yangu, niliyogandisha kwenye vifuko vya ubuyu.
Vyote ndani ya kopo la maziwa ya unga,
mfuniko nikaubana kwa kiganja,
nikatikisa begani, kushoto, kulia,
kopo likilia kama watoto wanaojifunza ngoma
kwa masufuria ya mama yao,
hadi baridi ikaniuma vidole.

Nikaonja.
Utamu ulitangulia, mbiombio,
kama mtu aliyezoea kusifiwa.
Ndimu ikamkata kauli.
Kisha, nilipodhani yamekwisha,
ukakasi ukajikalia nyuma ya ulimi,
ukavua viatu.
Nikakaa nao.
Simu ilikuwa palepale kaunta, ina salio.
Sikuigusa.

Ijumaa ya mnada Ildefonsi alikunywa glasi tatu
ndipo akauliza ni nini.
Mwalimu akashika chaki aandike ubaoni:
kinywaji hiki kinaitwaje?
Bado, nikamwambia, nikimaanisha bado hakina jina.
Akaandika: BADO, shilingi elfu tatu.

Tangu hapo ndivyo wanavyoniita kutoka mezani,
katikati ya ming'oko na ubishi wa bei ya korosho,
stakabadhi zimekunjwa mifukoni, pesa haijaingia:
Perpetua, Bado ipo?
Bado ipo.
Wanacheka. Nami nacheka, siku nyingine kwa kweli.

Mabibo sasa yanaoza chini ya miti.
Zilibaki chupa mbili.
Moja naimaliza wiki hii, kipimo kwa kipimo.
Nyingine Mama ameichukua, hakuniambia ya nini.
Aliiviringisha kwenye kanga yenye doa,
akailaza ndani ya ndoo,
akapanda gari la Newala
ndoo mapajani, mkono juu yake.